Nilipokuwa Ada ya Mume Wangu

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka katika nyumba ya mume wangu habari za chuo zilipofika kwetu. Zililetwa na mwalimu wa shule ya kijijini, ambaye aliwafundisha vijana kusoma katika kibanda kilichoezekwa kwa majani makavu ya migomba. Alikuja kwa baba mkwe wangu kwa sababu mwanawe, yaani mume wangu, ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wenzake wote. Alikaa juu ya kigoda, akakubali kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema wamisionari wa Kijerumani wamefungua chuo cha walimu upande wa pili wa mlima. Kijana akimaliza huko atakuwa mwalimu mwenye mshahara. Hataitwa tena na askari wa boma kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Arusha, na kodi ya nyumba ataweza kuilipa bila kuuza mbuzi.

Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo kila mtu nyumbani pale alikuwa akilingoja.

"Wanataka nini?"

"Wanataka ada," mwalimu akasema. "Rupia, kila muhula unapoanza."

Kwetu rupia ilikuwa kitu cha kodi. Ikiingia nyumbani ilifungwa katika kitambaa na kufichwa darini mpaka siku ya kwenda boma, na mara nyingi siku hiyo ilifika kitambaa kikiwa bado chepesi. Ng'ombe wa baba mkwe walichukuliwa na Wajerumani miaka ile walipokuja kutupiga vita mara ya kwanza, nami nilipoolewa zizi lake lilikuwa na majike mawili tu, tena moja si lake, alimtunzia ndugu. Mwalimu alijua hayo yote. Ndiyo maana alikuwa na neno la pili.

Alisema wale wasio na rupia wana njia yao. Zamani mwanafunzi maskini alisoma asubuhi na kulima shamba la kahawa la misheni mchana kutwa, hiyo ikawa ada yake. Lakini waliofanya hivyo walisinzia darasani, wakashindwa mitihani, wakarudishwa makwao. Mkuu wa chuo aliwahurumia akabadili sheria. Sasa mwanafunzi atasoma kama wengine, na kazi, ya shamba au ya jikoni, itafanywa na mtu mwingine wa nyumbani kwake, muda wote atakaokuwa chuoni.

"Ana kaka?" mwalimu akauliza, ingawa alijua jibu.

"Kaka yake alifia njiani akibeba mizigo ya askari."

"Basi mtu mwingine. Mwenye nguvu."

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mafiga nikimenya ndizi, na kwa jinsi wote walivyokwepa kunitazama nikajua kwamba nimekwisha kutajwa. Mama mkwe ndiye aliyesema mwishowe, tena bila ubaya.

"Mke yupo. Mimi mwenyewe nilibeba udongo wa boma nikiwa na mtoto mgongoni. Hii ni kazi ya jikoni, si udongo."

Nisiseme kwamba nililazimishwa. Nilikuwa msichana mwenye afya, mume wangu nilimpenda, na siku chache zile kabla ya kuondoka nilijiona mkubwa. Wanawake wenzangu mferejini waliniuliza kama ni kweli nakwenda kuishi kwa Wazungu, nami nikajibu ni kweli, tena kwa sauti.

Tuliondoka alfajiri. Yeye alitangulia na kitabu chake ndani ya mfuko wa ngozi, mimi nikafuata na mkungu wa ndizi kichwani na ngozi ya kulalia mgongoni. Njiani alinieleza mambo mengi, kwa maana alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Alinionyesha mto ambao maji yake yanafika hadi kwenye maduka ya Wahindi chini ya boma, akanionyesha vumbi la tambarare kule Terrat ambako Waarusha huchungia ng'ombe. Tulipokaribia chuo, mahali ambapo bati la kanisa lilionekana kati ya migomba, alisimama kwenye mfereji akanawa miguu na uso. Kisha akasema bila kunitazama:

"Kule usiniite. Wala usinifuate nikiwa na wenzangu. Wana taratibu zao."

Nikasema sawa. Nilidhani ni sheria ya chuo, na sheria za Wazungu zilikuwa nyingi.

Mkuu wa chuo tulimwita Bwana Mwalimu. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu za rangi ya mahindi, na Kiswahili chake kilikwenda polepole kama mtu avukaye mto juu ya mawe. Mkewe, Bibi, alinipa vipande viwili vya kitambaa cha merikani, akachukua vazi langu la ngozi na kulitundika ghalani, akasema nitalikuta siku nitakayoondoka. Nikaonyeshwa kibanda nyuma ya jiko. Mume wangu akapelekwa bwenini. Wanafunzi walilala bwenini wote, mwenye mke na asiye na mke, na waliokuwa na wake waliwaacha makwao. Mke wa mwanafunzi aliyekuwa pale alikuwa mimi peke yangu.

Jikoni nilikuwa chini ya mpishi, mzee mmoja wa upande wa Pangani aliyekuja bara na misafara akaachwa na homa, asirudi tena. Alivaa kanzu iliyochakaa na kofia, na sala zake alizisali nyuma ya ghala la kuni, Bwana Mwalimu akajifanya haoni. Hakujua Kimeru hata neno moja, nami sikujua Kiswahili. Tulianza kwa vidole. Aliinua kitu, akakitaja, nami nikarudia: upawa, sufuria, kuni, chumvi, funika. Nilipokosea alicheka polepole, si kwa kunidharau, akarudia tena. Aliniita mwanangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kama alivyonifundisha, na neno hilo ndilo la kwanza nililolitamka kama mwenye lugha.

Kazi ilikuwa nyingi. Uji asubuhi, ndizi na maharage mchana, jioni makande, na Jumamosi loshoro, yaani makande ya maziwa mgando, kama wanawake wa Kiarusha wameleta maziwa ya kutosha. Kuni nilizikata mwenyewe, maji nilichota mwenyewe, na baada ya kula nilisugua vyungu kwa majivu mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Sikulalamika. Nilisikia sauti zao darasani wakiimba na kusoma, nikajaribu kuitambua sauti ya mume wangu kati ya zile nyingine, na nilipoipata niliona kazi inapungua.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kibandani. Alipita njia ya nyuma, kati ya migomba, hakupita uwanjani. Hilo nalo nililiweka katika sheria. Alikaa juu ya ngozi yangu ya kulalia akanisimulia aliyojifunza wiki ile: kwamba dunia ni mviringo, kwamba Mlima Meru ulikuwa na moto ndani yake zamani, kwamba bahari ina chumvi. Alipoeleza uso wake ulifunguka kama wa mtoto. Nilimsikiliza kwa mdomo wazi. Siku hizo nilidhani mimi na yeye tuko chuoni pamoja.

Mchana wanafunzi walijipanga kwenye banda la kulia, kila mmoja na sahani yake ya bati, nami nikawapakulia. Mume wangu alipofika mbele yangu alitazama upawa. Wiki za mwanzo nilimwongezea kipande cha ndizi, au maharage yaliyoiva vizuri ya chini ya chungu. Jumapili moja akaniambia kwa hasira, "Usiniongeze. Watu wanaona." Nikaacha. Nikampakulia kama wengine, na moyoni nikajisifu kwamba ninaishika sheria vizuri.

Kati ya wanafunzi alikuwapo mtoto wa mangi mmoja, mtawala wa Wachaga wa upande wa Kilimanjaro. Baba yake alilipa ada yote kwa mara moja, watu wakasema aliuza ng'ombe kwa mlowezi bila kuumia. Kijana huyo alivaa viatu, akafanywa kiongozi wa bweni, na alikuwa mcheshi, anauliza kila mtu habari za kwao. Mume wangu alikaa naye meza moja. Nilifurahi kumwona na rafiki wa namna hiyo.

Siku mambo yalipobadilika ilikuwa ya ukungu, ule ukungu wa Juni unaoshuka mlimani na kukaa mpaka mchana. Nilikuwa upande wa nje wa banda la kulia nikipanga kuni chini ya upenu. Ndani walibaki wawili, mume wangu na mtoto wa mangi, wakimalizia uji wao. Kati yetu ulikuwa ukuta wa fito tu. Wanafunzi walitoka makabila mbalimbali, kwa hiyo baina yao walisema Kiswahili.

Mtoto wa mangi akauliza, "Yule mwanamke wa jikoni ni wa kwenu, sivyo? Naona kila ukipita anakutazama."

"Nani?"

"Yule anayepakua."

Mume wangu akasema, "Ah, yule. Ni mtu wa kazi tu. Nyumbani walinipa mtu wa kazi."

Juzi yake mpishi alinituma kwa Bibi nikamwambie kwamba mtu wa kazi amekuja kukarabati paa la ghala. Nilikwenda nikiyarudia maneno yale njia nzima nisije nikayasahau. Mtu wa kazi, mtu wa kazi. Ndiyo kusema yalikuwa bado mapya kinywani mwangu nilipoyasikia yakitoka kinywani mwa mume wangu. Wiki moja kabla yangenipita kama upepo.

Niliendelea kupanga kuni. Sikulia, maana sikuwa na hakika kama nina haki ya kulia. Nilijitazama: merikani yenye masizi, miguu isiyo na viatu, vidole vilivyopasuka. Nikajiambia kwamba kama mtu angeniuliza mimi ninafanya nini pale, ningejibu nini kilicho tofauti na alichojibu yeye? Hapo ndipo aibu iliponiingia, na haikuwa aibu ya kumwonea yeye. Niliona aibu kwa ajili yangu, kana kwamba nimekamatwa nikijiita mke wa mtu ambaye si wangu. Nikakumbuka yote niliyoyaita sheria: usiniite, usinifuate, njia ya nyuma, usiniongeze. Nikaona hata moja haikuwa ya chuo.

Tangu siku hiyo nilianza kujitanda kitambaa mpaka juu ya nyusi ninapopakua. Nilichotea maji upande wa chini wa mfereji, mbali, ili nisipite mbele ya darasa. Jumapili alikuja kama kawaida, nami nikamsikiliza habari za sayari na wafalme. Sikumwambia kitu. Ningemwambia, angejua kwamba nimesikia, na nilifikiri hilo litatuaibisha wawili wakati sasa ninaaibika peke yangu.

Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa mjamzito, na merikani haifichi kitu.

Bwana Mwalimu na Bibi walijua mimi ni mke wa nani, maana ndio walioniandikisha. Mpishi alijua kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Wanafunzi hawakujua. Waliona mwanamke wa jikoni, hana mume, tumbo linakua, na mwanamume anayeshinda naye kutwa ni mzee wa pwani anayesali nyuma ya ghala. Wakaunganisha. Nilianza kuona wananyamaza nikipita. Mmoja aliacha kupokea chakula mkononi mwangu, akangoja mpishi ampakulie, kisha akaacha kupokea hata kwa mpishi. Mume wangu alikuwa kati yao, akala, akasikia, akanyamaza.

Siku moja mchana, mpishi na mimi tulipeleka chungu cha maharage bandani tukakuta sahani zote zimefunikwa kifudifudi mezani. Wanafunzi wameketi kimya. Mpishi akauliza kuna nini. Mtoto wa mangi akasimama kama kiongozi wa bweni, wala hakuonekana kufurahia kazi hiyo.

"Mzee, hatuli. Hatuwezi kusomea neno la Mungu huku tunapikiwa na mwanamke wa dhambi. Na wewe unajijua."

Mpishi hakuelewa kwanza. Alipoelewa alishusha chungu chini, akasema tu, "Mimi? Na mwanangu huyu?" Akavua kofia akaishika.

Mtu alikwenda kumwita Bwana Mwalimu. Alikuja na kitambaa cha chakula bado kikining'inia kwenye shati lake. Akaelezwa. Alituangalia sisi wawili tuliosimama karibu na chungu, akawaangalia wanafunzi, na nilimwona akishangaa kweli, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa katika kitabu chake tangu mwanzo.

"Mwanamke huyu ana mume," akasema. "Mume wake yumo humu ndani."

Vijana wakatazamana.

"Mume wake asimame."

Sikuinua macho, lakini nilijua mahali alipokaa. Niliona kichwa chake kwa pembe ya jicho, kimeinama juu ya sahani iliyofunikwa. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya majani ya paa. Nikaomba asisimame. Nilitamani Bwana Mwalimu achoke, aseme haya basi, nami nitoke niende zangu nikiwa mwanamke wa dhambi, kwa maana niliona hilo litapita upesi kuliko aibu ya kutajwa mke wake kwa amri.

Benchi likalia. Akasema kitu kwa Kimeru, chini chini.

"Kwa Kiswahili," Bwana Mwalimu akasema.

"Ni mke wangu."

"Kwa nini hukuwaambia wenzako?"

"Sikuulizwa, Bwana."

Mtoto wa mangi aligeuka akamtazama. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza," akasema.

Bwana Mwalimu naye, nadhani kwa kutaka kutusaidia, akaanza kuwaeleza wanafunzi wote sheria yake. Akawaambia kwamba wako watu wasio na rupia, na kwamba mke huyu anailipa ada ya mume wake kwa kazi, na kwamba kazi hiyo ni ya heshima, na anayeidharau hafai kuwa mwalimu. Alisema kwa nia njema kabisa. Kila neno lililotoka lilimvua mume wangu nguo moja mbele ya watu, na mimi nikawa ndiye kigingi cha kuzitundikia. Alidhani anatufunika.

Kisha akaamuru wale. Wakageuza sahani, wakajipanga, nikapakua. Mmoja mmoja waliponifikia walisema ahsante. Tangu nifike hakuna aliyewahi kusema ahsante. Ningependelea wanizomee. Mume wangu alikuja wa mwisho, na upawa wangu ukagonga ukingo wa sahani yake.

Mpishi hakumaliza wiki. Bwana Mwalimu alimwomba radhi, na vijana pia walitumwa kumwomba, naye akawasamehe wote kwa adabu. Lakini alikunja mkeka wake. "Mwanangu," akaniambia, "mtu akitajwa vibaya mahali pa chakula, chakula chake hakina ladha tena." Nilimbebea mzigo wake mpaka kwenye mfereji. Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kusema neno moja tangu siku ile ya ukungu na haya yote yasingemfika. Kiswahili changu kilikuwa kinatosha kusema hivyo. Nikamwambia kwaheri.

Kesho yake mtoto wa mangi alikuja jikoni. Alikuwa ameshika jani la isale, lile ambalo Wachaga na sisi tunalitumia kuomba msamaha, ambalo mtu akikuletea huwezi kumkataa. Akaliweka juu ya rundo la kuni kwa mikono miwili.

"Shemeji, nisamehe. Sikujua."

Nikasema nimesamehe. Akaondoka haraka. Nilibaki nikilitazama lile jani, bichi, limefungwa fundo vizuri, na wazo pekee nililokuwa nalo ni kwamba aliyelileta si mume wangu. Jumapili hiyo mume wangu alikuja kwa njia ya uwanjani, mchana kweupe, kila mtu akamwona. Akakaa. Hakusimulia sayari. Tulikaa kama watu wanaongojea mgonjwa, mpaka kengele ikalia akaenda.

Tumbo lilipokuwa kubwa Bibi alisema sitaweza tena kuinua vyungu. Bwana Mwalimu akafungua kitabu chake cha sheria. Kazi ikikoma, masomo yanakoma, isipokuwa aje mtu mwingine wa nyumbani. Mume wangu alituma habari kwao, na baada ya siku chache nikamwona mama mkwe anapanda kilima, amevaa ngozi zake na pete zake za shaba masikioni, na jembe begani ingawa hakuna aliyemwambia alete jembe.

Nilikaa naye siku mbili nimwonyeshe kila kitu kilipo. Mchana wa kwanza alisimama kwenye chungu akapakua, na mimi nyuma yake. Vijana walipita. Mume wangu alipofika aliweka sahani chini, akamwinamia mama yake, akamwamkia kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa banda. Akawageukia wenzake akasema, "Huyu ni mama yangu."

Nilifurahi. Nasema kweli nilifurahi, kwa kuwa mama yule alistahili. Lakini furaha hiyo ilinichoma mahali palepale palipokuwa bado pabichi, nikajitanda kitambaa changu nikaingia jikoni. Kesho yake Bibi alinirudishia vazi langu la ngozi kutoka ghalani. Panya walikuwa wamelila ukingo mmoja.

Nikajifungua nyumbani, mtoto wa kike. Mferejini wanawake waliniuliza habari za Wazungu, nikawaambia wana baridi sana kule juu.

Masomo hayakuisha sawasawa. Vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe vilianza, ukaja mwaka ambao askari walipita barabarani wakichukua mbuzi na wanaume, kisha makaburu wa upande wa Waingereza wakaingia Arusha. Bwana Mwalimu na Bibi waliondolewa. Mume wangu na mama yake walirudi jioni moja, yeye amebeba mzigo wote wa mama yake, na cheti hakuna. Kazi yangu na ya mama mkwe haikuandikwa mahali popote ambapo mtu angeweza kuisoma na kusema, huyu amelipa. Baadaye mtoto wa mangi alimletea habari kwamba yeye pia hana cheti. Yeye hakukihitaji.

Hata hivyo mume wangu alikuja kuwa mwalimu, bila karatasi, katika shule ndogo ya kijijini kwetu, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alifundisha vizuri. Wazee wa shule walitaka kila mtoto alete kuku au kazi, naye alipokea kuku na hakupokea kazi. Mama akija na jembe kuomba alime shamba la mwalimu ili mtoto wake asome, mume wangu aliingia ndani, nami ndiye niliyetoka kumwambia mtoto aje tu. Hatukuwahi kupanga hivyo. Kusoma alinifundisha yeye, miaka ile, kwa makaa juu ya kigae cha chungu. Nilikataa kwanza, kisha nikakubali.

Juu ya lile jambo tulisema mara moja tu, tukiwa tunapukuchua mahindi, watoto wamekwenda malishoni. Alikuwa ameanza kuota mvi.

"Ile siku ya ukungu," akasema. "Ulikuwa nje. Niliuona mkono wako kwenye fito."

"Nilikuwa nje."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulikuwa hujui Kiswahili bado."

"Hayo niliyajua."

Akapukuchua gunzi lake mpaka likaisha, akachukua jingine. "Miaka yote nilikuwa nikijiambia hukuyajua," akasema. Nikangoja aendelee. Hakuendelea, na mimi sikumsaidia. Punje zilikuwa zikianguka kwenye ungo baina yetu, tukaendelea hadi kikapu kikaisha.

Binti yetu yule alisoma mbali kuliko sisi sote. Ada yake ilitoka kwenye kahawa, maana siku hizo Wameru tuliruhusiwa kupanda yetu, na baba yake alikwenda mwenyewe kuilipa, amevaa koti. Mwaka aliomaliza masomo waliwaita wazazi waje shuleni. Kungekuwa na nyimbo, na chakula kwenye banda, na wazazi wangetambulishwa mmoja mmoja mbele ya watu. Alikuja mpaka nyumbani kunichukua, amenishonea gauni.

"Mama, twende. Nimeshawaambia wenzangu unakuja."

Nilimwambia mguu unaniuma, waende yeye na baba yake. Akaupapasa mguu wangu, akaukanda kwa mafuta, akanisihi. Nikang'ang'ania. Waliondoka wawili kwa njia ya juu, nami nikawatazama mpaka wakapotea kwenye migomba, kisha nikainuka nikaenda kuchota maji. Mguu haukuwa na kitu.